Chaki na Jani: Mhadhara kuhusu Kloroplasti na Ufundishaji wa Sayansi ya Mimea



Kabla sijaenda mbali, tazameni hapa mezani. Asubuhi ya leo nilitwanga majani machache ya muhogo kwenye kinu, kama anavyotwanga mama anayeandaa kisamvu. Nikatia spiriti kidogo, nikachuja kwa kitambaa, nikapata maji ya kijani yaliyokolea. Kwa kijiti nikachora pete ya maji hayo kuzunguka kipande cha chaki nyeupe, upana wa kidole kimoja kutoka chini. Nikaiacha ikauke, nikachora tena juu yake, mara nne au tano. Sasa naisimamisha chaki hii ndani ya glasi yenye spiriti kidogo, isiyofika kwenye pete. Naifunika. Tuiache ifanye kazi yake, nasi tuendelee na yetu. Tutairudia mwishoni.

Habari za jani nilizisoma mara tatu: shule ya msingi, sekondari, na chuo kikuu. Mara zote tatu nilinakili ubaoni. Nilichora jani lililokatwa, nikalipaka penseli ya kijani, nikaandika majina pembeni, nikapata alama zangu. Nje ya dirisha la darasa letu la sekondari kulikuwa na mwembe mkubwa ambao matawi yake yalikaribia kugusa vioo. Katika miaka yote ile hatukutumwa hata siku moja kwenda kuchuma jani lake. Neno nililokuja kulisema leo ni hili: sayansi ya mimea haifundishiki kwa kunakili. Jani lenyewe sharti liingie darasani, liulizwe maswali, na mwanafunzi alione likijibu. Nchi inayoishi kwa jembe, ikilea watoto wasiojua jani linafanya nini, imejinyima yenyewe.

Mti unakula nini?

Tuanze na swali dogo. Kokwa ya embe inakaa kiganjani. Mwembe wenyewe, miaka thelathini baadaye, hausogezwi na wanaume kumi. Uzito huo wote umetoka wapi? Nimeliuliza swali hili darasani mara nyingi, na jibu huwa moja: udongoni. Ni jibu la mtu anayefikiri, maana mizizi imo udongoni na mbolea tunaitia udongoni. Lakini si sahihi.

Jan Baptist van Helmont, mwenyeji wa Brussels, aliamua kulipima jibu hilo. Alijaza chungu udongo mkavu wa ratili 200, akapanda mche wa ratili 5 wa mti unaoota kando ya mito ya Ulaya. Kwa miaka 5 aliunywesha maji tu. Alipoung'oa, mti ulikuwa na ratili 169 na ushei. Udongo ulipokaushwa na kupimwa upya, ulikuwa umepungua wakia mbili tu, takriban gramu 60. Habari hiyo ilichapwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alihitimisha kwamba mti wote umetokana na maji. Alipatia nusu. Nusu ya pili ilikuwa imemzunguka asiione, nayo ni hewa.

Mwaka 1771 Joseph Priestley, Mwingereza, alichukua hewa iliyokwisha kuharibiwa na mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa, hewa ambayo haikuweza tena kuwasha kitu, akaingizamo kijitawi cha mnanaa. Baada ya siku kadhaa mshumaa uliwaka tena mle ndani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, akaongeza masharti mawili: kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani pekee, na hufanyika penye mwanga pekee.

Basi gunia la mahindi lililoko ghalani kwako, ukitoa unyevu na majivu machache, ni maji pamoja na hewa ya ukaa ambayo majani huivuta hewani, vilivyounganishwa kwa nguvu ya jua. Udongo huchangia madini, machache lakini ya lazima, kama chumvi kwenye mboga. Mwanafunzi akilishika hili, shamba halitakuwa tena kwake mahali ambapo udongo unageuka kuwa chakula. Ataanza kuyaangalia majani, maana huko juu ndiko chakula kinakotengenezwa.

Ndani ya kijani

Kazi hiyo hufanyika ndani ya vichembe viitwavyo kloroplasti. Kimoja kina urefu wa maikromita 5 hadi 10, maana yake vikipangwa foleni, vinahitajika 100 hadi 200 kujaza milimita moja. Seli moja ya jani hubeba makumi ya vichembe hivyo, na kipande cha jani chenye ukubwa wa milimita moja ya mraba huwa na karibu nusu milioni. Rangi yake inatokana na umbijani, na umbijani ndio unaonasa mwanga.

Siku moja, katika darasa la kidato cha pili, tulikuwa na hadubini moja kwa wanafunzi arobaini. Tulichota bwawani mmea wenye majani membamba sana, ambayo hayahitaji wembe ili mwanga upite. Binti mmoja, mkimya siku zote, aliinama, akazungusha skrubu taratibu, akatulia. Ghafla akapaza sauti: "Mwalimu, zinatembea!" Alikuwa anaona nukta za kijani zikibebwa na ute wa seli, zikizunguka ukingoni moja nyuma ya nyingine, kama watu wanaokimbia kuzunguka uwanja wa mpira. Wenzake walisukumana kuja kuangalia. Mchoro wa ubaoni hausogei kamwe. Siku ile watoto arobaini walijua kwa macho yao kwamba jani li hai.

Wala kutembea kwa kloroplasti si kwa kubebwa tu. Mwanga ukiwa hafifu, hujipanga kuukabili. Jua likiwa kali, hujisogeza kwenye kuta za pembeni za seli, zikijikinga moja kwa nyingine zisidhurike. Mkulima hukimbilia kivuli saa sita mchana, na ndani ya jani la shamba lake kuna mamilioni yanayofanya vivyo hivyo.

Mjerumani Theodor Engelmann, mwaka 1882, aliutawanya mwanga katika rangi zake, akaziangazia rangi hizo juu ya uzi mwembamba wa mwani chini ya hadubini. Kando ya mwani aliweka bakteria wanaofuata oksijeni, ile hewa ya kuwashia mshumaa ambayo mmea huitoa ukifanya kazi. Bakteria wakakusanyika kwa wingi palipoangukia rangi nyekundu na buluu, na palipoangukia kijani wakawa wachache. Hivyo jani ni kijani kwa sababu hiyo ndiyo rangi linayoitumia kwa uchache na kuirudisha machoni petu.

Mwaka 1937 Robert Hill wa Cambridge alifanya jambo ambalo kila mpishi wa kisamvu analijua nusu yake: aliponda majani akachuja. Katika maji yale ya kijani alipata kloroplasti zilizokwisha kutoka ndani ya seli. Alizipa kemikali yenye chuma, akaziangazia, na zikatoa oksijeni, ingawa hazikuwa zikitengeneza sukari kutoka hewa ya ukaa. Kumbe kazi ni mbili. Kwenye tando za ndani, mwanga huyapasua maji, oksijeni hutoka, na nguvu huwekwa akiba. Kwenye majimaji yanayozizunguka tando hizo, nguvu ile hutumika kuigeuza hewa ya ukaa kuwa sukari. Njia ya kazi hii ya pili ilifuatiliwa hatua kwa hatua na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham huko Berkeley, Marekani, wakitumia kaboni ya mnururisho, na Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961.

Kimeng'enya kinachoishika hewa ya ukaa kinaitwa rubisko. Ni kizito kazini, na tena hukosea: mara nyingine hushika oksijeni badala ya hewa ya ukaa, na mmea ukapata hasara. Mpunga, maharage na muhogo hufidia uzito huo kwa kukitengeneza kwa wingi mno. Mahindi, mtama na muwa vimepata njia nyingine: seli za aina moja hukamata hewa ya ukaa na kuisukuma kwa seli za aina ya pili, zilizouzunguka mshipa wa jani, ili rubisko ikae penye hewa ya ukaa tele na isipate nafasi ya kukosea. Mkonge wa Tanga una ufundi wake pia. Hufungua vitundu vya majani usiku kukiwa na ubaridi, ukaiweka akiba hewa ya ukaa, kisha mchana hufunga na kufanya kazi kwa mwanga bila kupoteza maji. Ndiyo maana unasimama kijani pale ambapo mahindi yamekwisha kunyauka.

Mgeni aliyegeuka mwenyeji

Kloroplasti ilitoka wapi? Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky alidai kwamba zamani ilikuwa kiumbe kinachojitegemea, kikaingia ndani ya seli nyingine kikabaki humo. Wengi hawakumsikiliza. Mwaka 1962 Hans Ris na Walter Plaut waliona DNA ndani ya kloroplasti yenyewe, mbali na kiini cha seli. Mwaka 1967 Lynn Margulis akaijenga upya hoja hiyo kwa ushahidi mpana. Mwaka 1986 timu mbili za Japani zilisoma DNA yote ya kloroplasti, moja ya tumbaku na nyingine ya mmea mdogo wa mahali penye unyevu. Leo hakuna mashaka: zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja ilimeza bakteria wa kijani, haikummeng'enya, na kila jani tunaloliona ni uzao wa ujirani huo. Mgeni amebakiwa na jeni mia moja na kitu. Nyingine nyingi zilihamia kwenye kiini cha seli au zikapotea, kwa hiyo hawezi tena kutoka akaishi peke yake.

Mtu atauliza: na sisi hayo yatusaidie nini? Mwaka 1996 watafiti walitangaza kwamba ndani ya vimelea vya malaria mna masalia ya kichembe cha jamii hiyo ya kloroplasti. Babu wa vimelea hivyo alimeza mwani, na mwani huo ukabaki ndani yake. Rangi ilitoweka na uwezo wa kutumia mwanga ukatoweka, lakini kichembe kilibaki kwa sababu kinatengeneza vitu ambavyo kimelea hakiwezi kuishi bila kuvipata. Na kwa kuwa kichembe hicho bado kina tabia za bakteria, dawa ya bakteria inaweza kukiumiza. Doksisaiklini, ambayo baadhi ya wasafiri hupewa kujikinga na malaria, hufanya kazi kwa kuzuia kichembe hicho kutengeneza protini. Mtafiti asiyejua jani asingekitambua kitu hicho hata akikiona. Nawaomba wazazi mlikumbuke hili siku mtoto wenu atakapowaambia anataka kusoma mimea, msije mkamuuliza kama amekosa nafasi kwenye udaktari.

Kuusoma unjano

Sasa twende shambani. Molekuli moja ya umbijani ina atomu moja ya magnesi katikati, imezungukwa na atomu nne za naitrojeni. Ukilijua hilo, jani la njano linageuka barua.

Mahindi yakikosa naitrojeni, majani ya chini huanza kupauka, unjano ukianzia nchani na kuteremka katikati ya jani. Mmea unavunja umbijani na rubisko ya majani yaliyozeeka ili naitrojeni iende juu kwa machanga. Magnesi ikipungua, unjano huanza pia kwenye majani ya zamani, lakini hukaa katikati ya mishipa, na mishipa yenyewe hubaki kijani. Chuma kikipungua, ni majani machanga yanayopauka kwanza, kwa sababu chuma hakihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda jani jipya. Ni unjano mmoja wenye sababu tatu, na tiba zake si moja.

Upo na unjano usiotibika kwa mbolea. Batobato ya muhogo huleta mabaka ya njano na kijani kibichi, na jani likajikunja. Ni virusi, vinavyobebwa na nzi weupe na kwa pingili zilizoambukizwa. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Warburg mwaka 1894, katika ardhi ambayo leo ni Tanzania. Mwaka 1936 H. H. Storey, akifanya kazi kituo cha Amani, Usambara Mashariki, alieleza ugonjwa mwingine wa muhogo, michirizi ya kahawia, unaoozesha mizizi hata pale majani yanapoonyesha unjano kidogo tu. Hapo Amani watafiti walichanganya mbegu za muhogo na jamaa zake, ukiwemo mti wa mpira wa Ceara, wakitafuta mimea inayostahimili. Kazi iliyoanzia kwenye milima yetu imeingia katika mbegu za muhogo zilizozalishwa baadaye sehemu nyingi za Afrika.

Mkulima anayemwaga mbolea kwenye batobato anatupa fedha, na anayekata pingili za msimu ujao kutoka shamba hilo anapanda ugonjwa kwa mkono wake. Nani wa kumwambia? Bwana shamba mmoja hawezi kufika kila kijiji. Mtoto wake wa kidato cha pili yupo nyumbani kila jioni. Kama shuleni amefundishwa kuusoma unjano, shamba hilo limepata mtaalamu asiyelipwa mshahara.

Darasani

Walimu wenzangu, najua mtakavyonijibu: maabara hatuna, wanafunzi ni wengi, mtihani uko mlangoni. Yote ni kweli, nimeyaishi. Lakini jani halina bei.

Chukueni mmea wa kwenye kopo, uwekeni gizani siku mbili ili majani yamalize wanga wake. Mwanafunzi akate herufi ya kwanza ya jina lake katikati ya karatasi nyeusi, alifunike jani kwa karatasi hiyo pande zote mbili, herufi ikae juu, kisha mmea ukae juani saa kadhaa. Jani lichumwe, lichovywe kwenye maji yanayochemka, halafu litiwe kwenye spiriti ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto. Moto uzimwe kwanza! Spiriti hushika moto haraka, na hili halina msamaha. Jani litapauka. Lisuuzeni kwa maji ya uvuguvugu, mlidondoshee iodini. Herufi itajitokeza kwa rangi ya bluu nyeusi, na pembeni yake patabaki rangi ya kahawia. Wanga umetengenezwa pale tu mwanga ulipopita. Mtoto aliyeona jina lake likiandikwa na jua hatahitaji kukariri kwamba mwanga ni wa lazima.

Au chukueni jani la spinachi, mkate vidonge vidogo kwa mrija wa kunywea soda, mviweke ndani ya bomba la sindano lisilo na sindano, pamoja na maji yaliyotiwa chembe ya bikaboneti ya soda. Zibeni mdomo kwa kidole, vuteni, hewa itoke ndani ya jani, na vidonge vitazama. Vimiminieni kwenye glasi, muiweke juani. Kimoja kimoja vitaanza kupanda, vikiinuliwa na oksijeni vilivyoitengeneza vyenyewe. Ifunikeni glasi ya pili kwa kitambaa cheusi, na vya humo vitabaki chini.

Hadubini nayo si ndoto. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza hadubini ya karatasi, inayokunjwa kwa mkono na kubebwa mfukoni, na tangu hapo imesambaa katika nchi nyingi.

Jambo la mwisho ni lugha. Neno usanisinuru linajieleza lenyewe: usanisi kwa nuru, yaani kuunda kwa mwanga. Mtoto wa Kiswahili akilisikia amekwisha kupata nusu ya somo. Akiingia sekondari anapewa jina la kigeni, na mara nyingi anaanza upya kana kwamba hakuwahi kujua lolote. Sisemi tuyaache majina ya kigeni, maana ndiyo yatakayomfikisha kwenye maandishi ya dunia. Nasema tuyafunge kwenye maneno aliyokuja nayo, na tumruhusu aulize kwa lugha anayoiotea ndoto. Swali zuri la Kiswahili lina thamani zaidi kuliko jibu la kukariri katika lugha yoyote.

Na ninyi mnaotunga mitihani: ulizeni mambo ambayo aliyegusa jani atajibu, na aliyenakili tu atashindwa. Mkibadilisha swali, darasa litabadilika lenyewe.

Sasa tuirudie chaki yetu. Nafunua. Wa viti vya mbele, njooni muone, kisha muipokezane hadi nyuma. Pete ilikuwa moja, ya kijani. Sasa spiriti imepanda na kuzichukua rangi, kila moja kwa mwendo wake. Kijani kimebaki chini, na juu yake imetangulia njano. Njano hiyo haikuingia leo. Ilikuwamo ndani ya jani tangu lilipochipua, imefunikwa na kijani, na ndiyo hiyo hiyo inayojitokeza shambani umbijani unapovunjika.

Aliyegundua njia hii ni mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tswett. Aliieleza kwanza mjini Warsaw mwaka 1903, kisha akaichapisha mwaka 1906 na kuipa jina la kromatografia. Alishindilia unga wa chaki ndani ya mrija wa glasi, akamimina juu yake maji ya majani. Leo maabara za dunia nzima hutumia njia zilizotokana na hiyo kupima dawa, chakula na mabaki ya sumu za wadudu. Ilianza kwa mtu mmoja, jani, na chaki.

Walimu wenzangu, chaki mnayo. Majani yako nje ya dirisha. Kesho, kabla hamjaandika ubaoni neno la kwanza, mtumeni mtoto mmoja akachume jani.